Maswali na Majibu: Maonyesho, Ngoma na Wageni Chuoni

Barua za safari hii karibu zote zimetoka vyuoni, na nyingi zinalalamikia jambo lilelile kwa majina tofauti. Ushoroba umejengwa kupitisha watu, ukumbi umejengwa kufundishia, ua umejengwa kukatiza kwenda darasani. Sasa vyote vinatakiwa vifanye kazi ya jumba la sanaa. Inawezekana, ila kwa kipimo. Tumefupisha barua na kuunganisha zilizofanana.

Shikamooni wahariri. Klabu yetu imepewa ushoroba wa kuingilia maktaba kwa maonyesho ya miezi mitatu. Upande mmoja wote ni madirisha. Tuna michoro ya rangi za maji, picha za kuchapwa na michache ya rangi za mafuta. Tumeshauriwa tuiweke mkabala na madirisha kwa sababu mwanga wa asili ndio bora. Tena ukuta ni wa zege, na maonyesho yaliyopita picha mbili zilianguka. Tufanyeje?
— Katibu wa klabu ya sanaa

Marahaba. Mwanga wa asili ni bora kwa kuchorea, si kwa kutundikia. Mwanga hupausha rangi, na madhara yake hujumlishwa: kila saa inaongezwa juu ya zilizopita, wala kuipumzisha picha gizani hakurudishi kilichopotea. Rangi za maji, karatasi na nguo huwekwa kwenye mwanga usiozidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu). Rangi za mafuta huvumilia hadi lux 200.

Piga hesabu ya ushoroba wenu. Jua la moja kwa moja linaweza kufika lux 100,000. Hata tukikata nusu kwa sababu ya kioo, saa moja tu ya jua hilo inalingana na saa 1,000 chini ya lux 50, yaani siku 125 za maonyesho ya saa nane. Mchoro ukipigwa na jua saa moja kila asubuhi, ndani ya siku tatu utakuwa umekula mwanga wa mwaka mzima. Msitegemee kioo cha dirisha kuwaokoa. Kinapunguza mionzi ya urujuanimno lakini hakiimalizi, na mwanga unaoonekana nao unapausha.

Jambo hili limewahi kukipata chuo chenye kila uwezo. Mwaka 1964 michoro mikubwa ya mchoraji wa Marekani, Mark Rothko, ilitundikwa kwenye chumba cha kulia cha jengo la Holyoke Center, Chuo Kikuu cha Harvard, mahali penye madirisha makubwa. Rothko alikuwa ametumia rangi nyekundu iitwayo Lithol Red, isiyovumilia mwanga. Kufikia 1979 michoro ilikuwa imeharibika kiasi cha kuondolewa na kufungiwa stoo. Ilipoonyeshwa tena mwaka 2014, wataalamu hawakupaka rangi mpya. Waliimulika kwa projekta iliyojazia rangi iliyopotea kwa mwanga tu. Projekta ikizimwa, mpauko unaonekana palepale.

Kwa hiyo, kazi za karatasi ziende kwenye ukuta wenye madirisha yenyewe, katikati ya dirisha na dirisha, ambako jua haliwezi kuzipiga usoni. Mkabala na madirisha wekeni vinyago, vyungu na vitu vya chuma au mawe. Kama hakuna nafasi hiyo, pazia jeupe zito lifungwe saa za jua na mbadilishe kazi za karatasi kila baada ya wiki nne. Programu za simu za kupima mwanga si sahihi sana, lakini zinatosha kuwaonyesha tofauti ya sehemu moja na nyingine. Pimeni mara tatu kwa siku, maana jua linahama.

Sasa kutundika. Kitovu cha kila picha kikae sentimita 150 kutoka sakafuni, picha kubwa na ndogo sawasawa. Kupata mahali pa skrubu, chukua 150, ongeza nusu ya kimo cha fremu, kisha toa umbali kutoka ukingo wa juu wa fremu hadi waya *ukiwa umevutwa*. Fremu ya kimo cha sentimita 80, ambayo waya wake ukivutwa unafika sentimita 10 chini ya ukingo, itatobolewa kwenye 150 + 40 − 10, yaani sentimita 180. Wengi hupima waya ukiwa umelegea, ndiyo maana picha moja huwa chini ya wenzake na hakuna anayejua kwa nini. Tumieni skrubu mbili kwa kila fremu badala ya moja. Pima maji ikishasema sawa, picha haitapinda tena kila mlango ukibamizwa.

Kuhusu kuanguka: kwenye zege, kosa mara nyingi ni vumbi. Tundu la milimita 6 likitobolewa bila kupulizwa, kishikizo cha plastiki hukaa juu ya unga, kinazunguka na kutoka chenyewe baada ya siku kadhaa. Toboeni kwa kina cha sentimita 4 hadi 5, *ndani ya zege*, bila kuhesabu lipu. Pulizeni vumbi, ingizeni kishikizo kikaze, ndipo skrubu. Misumari ya zege inavunja lipu na kushikilia vipande vilivyovunjika. Gundi ya kubandika pande mbili ni ya mabango, si ya fremu yenye kioo. Joto likipanda inaachia. Na kwa kuwa ni njia ya watu, kitu chochote kisitokeze zaidi ya sentimita 10 kutoka ukutani, ama asiyeona au anayekimbilia darasani atakigonga.

Chuo kikikataa kutobolewa ukuta, tafuteni mbao za kusimamisha na mziunge kwa pembe, moja ikielekea huku na nyingine kule. Zilizopangwa mstari mmoja zinaangushwa na bega la mtu mmoja.

Maandishi ya pembeni ya picha yawe marefu kiasi gani? Msimamizi wetu anataka ukurasa mzima kwa kila kazi.
— Mwanafunzi wa sanaa za ufundi

Maneno 50, yasizidi 75. Mtu anasoma akiwa amesimama, mgongoni kuna anayesubiri. Herufi zisipungue ukubwa wa 18, wino mweusi kwenye karatasi isiyong'aa, kwa sababu karatasi ya kung'aa chini ya taa haisomeki kutoka upande mmoja. Ibandikwe upande uleule kwa picha zote, karibu sentimita 140 kutoka sakafuni. Mstari wa kwanza jina la msanii, wa pili jina la kazi na mwaka, wa tatu ilivyotengenezwa. Baada ya hapo andikeni kitu ambacho jicho linaweza kukihakikisha kwenye picha yenyewe. Msimamizi wenu apewe kijitabu cha mezani. Ukurasa wake mzima utapata wasomaji waliokaa.

Kwaya yetu ya watu 32 na wapiga ngoma wanne hutumbuiza kwenye ukumbi wa mihadhara wenye kuta za zege na viti vya mbao. Kwenye mazoezi maneno hayakusikika kabisa, tukaongeza maikrofoni zikafika nane. Siku ya onyesho zikapiga mluzi tangu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu wa kwaya anasema kosa ni langu, mimi nasema ni la ukumbi. Tuamueni.
— Fundi mitambo

Ukumbi ndio ulioanza, maikrofoni nane zikamalizia. Ndugu fundi, una nusu ya haki.

Hesabu ya jambo hili ilizaliwa chuoni pia, tena Harvard tuliyokwisha kuitaja. Mwaka 1895 chuo hicho kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la sanaa la Fogg ambamo mhadhiri hakueleweka. Kazi ya kuurekebisha akapewa mwanafizikia kijana, Wallace Sabine. Usiku, vyumba vingine vikiwa kimya, alihamisha matakia ya viti kutoka ukumbi wa Sanders, akayapanga ndani ya Fogg machache machache, na kupima kwa bomba la ogani na saa muda ambao sauti inachukua kuzimika. Ukumbi ukiwa mtupu ilidumu takriban sekunde 5 na nusu, kiasi kwamba mhadhiri akimaliza sentensi, maneno yake ya mwanzo bado yanazunguka. Akapata kanuni inayotumika hadi leo: muda wa mwangwi kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, ugawe kwa unyonyaji wote wa sauti uliomo, nao huhesabiwa kwa mita za mraba.

Tuiweke kwenye ukumbi wa urefu wa mita 20, upana 12 na kimo 5. Ujazo ni 1,200, na 0.161 mara 1,200 ni 193. Kuta, sakafu na dari zina mita za mraba 800. Za zege, pamoja na viti vya mbao, tukadirie zinanyonya mita za mraba 40. Gawa: sekunde 4.8. Sasa ingiza watu 200, kila mmoja akinyonya karibu 0.45 kwa mwili na nguo zake. Hiyo ni 90 zaidi, jumla 130, na mwangwi unashuka hadi sekunde 1.5. Kwa kwaya, huo ni mzuri. Kwa hotuba ungependa uwe karibu na sekunde 1 au chini.

Unaona mtego ulipo. Mlifanya mazoezi kwenye ukumbi wa sekunde karibu tano, mkaurekebishia mitambo, kisha mkatumbuiza kwenye ukumbi mwingine kabisa ingawa funguo ni zilezile. Wakati wa mazoezi tundikeni mapazia mazito. Mita za mraba 60 za pazia lenye mikunjo zinaongeza unyonyaji wa karibu 30, na mwangwi unashuka chini ya sekunde 3. Inatosha kusikia mnachokifanya. Lisibanwe ukutani, liachiwe nafasi ya sentimita 10 au zaidi nyuma yake, ndipo linanyonya pia sauti nzito. Wala msihangaike na trei za mayai ukutani. Zinapunguza kidogo sana, na zinawaka moto haraka.

Ama mluzi, huo hutokea maikrofoni inaposikia spika yake yenyewe. Kila ukiongeza maradufu maikrofoni zilizo wazi, unapoteza desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) za nafasi kabla ya mluzi. Kutoka mbili hadi nane umepoteza 6, na ulichopata badala yake ni kelele za miguu. Kwa kwaya ya watu 32, mbili zinatosha. Ziwe za kondensa, zipewe volti 48 kutoka kwenye mikisa, zisimame mita moja hivi mbele ya mstari wa kwanza, juu kidogo ya vichwa, zikielekezwa kwa mstari wa nyuma. Umbali kati ya maikrofoni na maikrofoni usipungue mara tatu ya umbali wa kila moja hadi kwa waimbaji. Zikikaribiana zaidi, sauti moja inaingia kwenye zote mbili kwa nyakati tofauti na kutoka nyembamba. Ngoma nne kwenye ukumbi wa watu 200 hazihitaji maikrofoni yoyote. Wapigaji wasogezwe nyuma ya kwaya.

Spika zikae *mbele* ya mstari wa maikrofoni, juu ya vichwa vya wasikilizaji, zikiinamishwa kuwaelekea wao na si ukuta wa nyuma, kwa maana zege litairudisha sauti jukwaani. Kisha pandisha sauti taratibu mpaka mluzi uanze, shusha desibeli 6, na usiivuke alama hiyo hata mwalimu wa kwaya akikunyooshea kidole.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua, kuhusu mngurumo unaokuja taa za jukwaa zikiwashwa. Kebo za sauti na za umeme zisilale sambamba. Zikilazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba. Vyombo vyote vya sauti vichukue umeme sehemu moja. Kukata waya wa ardhi ili mngurumo uishe ni ushauri unaozunguka sana miongoni mwa mafundi, na unaua.

Tunaweza kuonyesha filamu kwa kutumia akaunti ya mmoja wetu ya kutazama mtandaoni? Kiingilio ni bure.
— Klabu ya filamu

Hapana. Kuwa bure hakuifanyi kuwa ya faragha; kinachoangaliwa ni kwamba watazamaji ni umma. Masharti ya akaunti hizo huruhusu matumizi ya nyumbani tu. Baadhi ya huduma hutoa ruhusa ya onyesho moja la kielimu kwa filamu chache za hali halisi, na ruhusa yenyewe imeandikwa kwenye ukurasa wa filamu husika. Kwa nyingine, mwandikieni msambazaji mapema, miezi miwili si mingi, mkitaja tarehe, idadi ya viti na kama kuna kiingilio. Filamu za wanafunzi na watengenezaji wadogo hupatikana kwa barua moja, na mara nyingi mtengenezaji mwenyewe hufurahi kuja kujibu maswali.

Msidhani kuwa filamu ya zamani ni ya wote. Mkataba wa Berne wa 1886, pamoja na marekebisho yake, unaweka ulinzi wa kazi nyingi usiopungua uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza. Leseni ya filamu haihusu muziki unaopigwa nje yake. Bendi itakayopiga kabla ya filamu ina hesabu yake kwa chama cha hakimiliki.

Kipimo kimoja cha kiufundi: mtazamaji wa mwisho asikae mbali zaidi ya mara sita ya kimo cha picha. Ukumbi wa mita 15 unataka picha ya kimo cha mita 2.5. Hasa kukiwa na maandishi ya tafsiri.

Siku ya milango wazi tunatarajia wageni 300 wa kutembezwa. Safari iliyopita tulitoa kundi kila baada ya dakika sita, kila kituo kikiwa cha dakika nane, tukadhani tunaharakisha. Baada ya nusu saa makundi matatu yalikuwa yamesongamana mbele ya maabara.
— Ofisi ya uhusiano

Kituo kilikuwa cha dakika ngapi? Mmesema nane. Hapo ndipo penye kosa. Kundi la pili lilifika maabara dakika mbili kabla ya la kwanza kutoka, la tatu likasubiri dakika nne, la nne sita. Foleni ya namna hiyo haijifuti yenyewe, inakua hadi makundi yaishe. Pengo kati ya makundi lazima lizidi kituo kirefu kuliko vyote.

Tuipange upya. Wageni 300, makundi ya watu 15, ni makundi 20. Kundi kubwa zaidi ya hapo, wa nyuma hawasikii na hutembea wakizungumza yao. Njia ya kilomita 1.2 kwa mwendo wa kundi, kilomita 3 kwa saa, ni dakika 24. Vituo vitano vya dakika nane ni 40. Jumla dakika 64. Toa kundi kila dakika 10, na mwe na njia mbili zisizogusana badala ya moja. Kila njia inabeba makundi 10, la mwisho linaondoka dakika ya 90. Mtembezaji akirudi apewe dakika 16 za kunywa maji na kupumua, mzunguko wake ni dakika 80, kwa hiyo kila njia inataka watembezaji wanane. Jumla 16, ongeza wawili wa akiba. Kila kundi liwe pia na mtu wa mkia, anayefunga milango na kuwasubiri wenye watoto.

Msiondoe makundi saa kamili. Dakika kumi kabla ya saa na tano baada yake, ngazi kuu zinafurika wanafunzi wanaobadilisha madarasa, na kundi linaloingia humo linatoka pungufu. Angalieni ratiba ya mihadhara ya siku hiyohiyo, si ya wiki ya kawaida. Mtu aitembee njia nzima siku moja kabla, saa ileile, akiwa na funguo zote mkononi, maana mlango uliofungwa ndio unaovuruga ratiba kuliko mvua.

Watembezaji wafundishwe mambo matatu: wafike kituoni, wangoje mkia, *ndipo* waseme, wao ndio walitazame jua, wageni walipe mgongo, na wasisimame karibu na jenereta au mashine za viyoyozi. Kukariri historia ya kila jengo si lazima. Mgeni anataka kujua wanafunzi wanafanya nini humo ndani.

Familia moja imekubali kutuazima ngoma ya zamani kwa maonyesho ya utamaduni. Chumba kina kiyoyozi, na ngoma ina vitundu vidogovidogo chini. Kuna la kuhofia?
— Mhadhiri

Mawili, Mwalimu, na vitundu si hofu kubwa kuliko kiyoyozi.

Mti na ngozi hupokea na kutoa unyevu wa hewa. Ngoma iliyozoea hewa yenye unyevu ikiingizwa ghafla kwenye chumba kikavu, mzinga husinyaa kwa upana wake na ngozi hujikaza. Ngozi ikiwa tayari imewambwa sana, inachanika ukingoni penye vigingi, au mzinga unapata ufa wa wima. Baya zaidi ni kuwasha kiyoyozi mchana na kukizima usiku, kwani unyevu unapanda na kushuka kila siku. Ama kiwake saa zote, ama kisiwake kabisa. Unyevu kati ya asilimia 40 na 60 usiobadilika haraka unafaa. Kipima unyevu kidogo cha dijiti kiwekwe *ndani* ya kabati la kioo, si ukutani. Kabati lisiwe na taa ndani, kwa maana joto lake hukausha upande mmoja.

Vitundu huenda ni vya zamani. Weka ngoma juu ya karatasi nyeusi, iache wiki moja bila kuisogeza. Ukikuta vijilima vya unga laini chini ya vitundu, kuna wadudu hai, na ngoma isikae chumba kimoja na vinyago vingine hadi itibiwe. Vitu vya mti mtupu hufungwa kwenye plastiki, hewa ikatolewa, vikagandishwa kwenye nyuzi −20 kwa wiki mbili. Vikitolewa huachwa ndani ya plastiki saa 24 ili maji yasigandie juu yake. Ngoma yenye ngozi iliyowambwa usiigandishe kabla mhifadhi hajaiona. Usipulizie dawa ya wadudu. Inaacha doa na inabaki kwenye mikono ya watakaoipiga kesho.

Siku inapopokelewa, piga picha pande zote, juu, chini, kila ufa ukiwa na rula pembeni, na familia isaini nakala. Siku ya kurudishwa, picha hizohizo ndizo zitakazomaliza ubishi. Bima ianze pale ngoma inapotoka nyumbani kwao na iishe inapowekwa tena mahali pake, safari zote mbili zikiwemo. Ibebwe kwa mikono miwili kwenye mzinga, kamwe si kwa kamba zake.

Kisha waulizeni wenyewe mambo ambayo fomu za chuo hazina: nani anaruhusiwa kuigusa, inaweza kupigwa siku ya ufunguzi au la, isimame au ilale, picha zake zisambazwe au zisisambazwe. Andikeni majibu ndani ya mkataba. Wakisema isipigwe, haipigwi, hata kama mgeni rasmi ameomba.

Tiketi zetu za bure huisha siku moja, lakini ukumbi wa viti 200 hubaki na mapengo.
— Kamati ya tamasha

Hesabuni mlangoni kila onyesho. Kama tiketi 200 zilitolewa wakaja 130, waliofika ni asilimia 65, na kinadharia mnaweza kutoa 307. Msifanye hivyo mara moja. Anzeni na 240, tazameni, pandisheni. Tangazeni kwenye tiketi kwamba kiti kisichochukuliwa dakika 10 kabla ya kuanza kinapewa aliye kwenye foleni, na mtekeleze bila kuona haya. Watu wakifika 200, mlango unafungwa. Ngazi za katikati si viti, ni njia ya kukimbilia.

Mgeni wetu mzungumzaji anatumia kiti cha magurudumu, na miongoni mwa wasikilizaji kuna viziwi watano. Jukwaa lina kimo cha sentimita 60. Fundi ameleta ubao wa mita mbili.
— Mratibu wa mihadhara ya jioni

Urudisheni ubao. Mteremko salama ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Sentimita 60 zinataka mita 7.2, upana usiopungua sentimita 90, kingo pande zote mbili na sehemu bapa juu ya kugeuzia. Kwenye ubao wa mita mbili kiti kitapinduka kinyumenyume. Kama mita 7.2 hazipatikani, wazungumzaji *wote* wakae chini ya jukwaa, meza na maikrofoni zikiwa kimo cha aliyekaa. Kumwacha mmoja chini wenzake wakiwa juu ni kumfedhehesha. Pimeni pia mlango wa choo kilicho karibu, maana mara nyingi ukumbi hupitika na choo hakipitiki.

Kwa viziwi, wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili, wapokezane kila baada ya dakika 20 hivi. Baada ya hapo mikono na akili vinachoka na makosa yanaanza. Wapeni hotuba, majina ya watu na maneno ya kitaalamu siku kadhaa mapema. Wasimame karibu na mzungumzaji, wavae rangi moja inayotofautiana na ngozi zao, nyuma yao kusiwe na dirisha. Viti vya wahusika vitengwe mbele, upande huohuo. Na fundi wa taa aambiwe mapema: projekta ikiwashwa, kila mtu hukumbuka kuzima taa za ukumbi na mkalimani anabaki gizani. Taa moja ndogo ibaki imewekwa juu yake, kwenye swichi yake peke yake.